Samansi Ambayo Haikufika

Nilikwenda New York kumwona dada. Mwanawe ndiye aliyenikatia tiketi, Dar es Salaam kupitia Doha hadi uwanja wa John F. Kennedy, na mimi ambaye safari yangu ndefu kabisa ilikuwa ya basi, Tanga hadi Mwanza, nikajikuta nimefunga mkanda juu ya Bahari ya Atlantiki. Dada ameishi kule tangu mwaka 2001. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapeleka kliniki. Habari za nyumbani, nani kafa na nani kaoa, tulizimaliza ndani ya gari. Tulipofika kwake Flatbush, Brooklyn, chai haijapoa, akaniwekea mezani barua ya benki.

"Wewe umezeekea mahakamani, mdogo wangu," akasema. "Nisomee hii."

Ni kweli nimezeekea mahakamani. Nilikuwa karani wa masjala Tanga mpaka nilipostaafu, na majalada ya madai niliyoyafungua na kuyafunga siwezi kuyahesabu. Barua ile niliielewa kabla ya kufika mwisho. Ilisema fedha za dada zimezuiwa kutokana na hukumu ya mahakama ya madai ya jiji. Mshindi wa kesi alikuwa kampuni ambayo dada hakuwahi kuisikia. Hukumu ilitolewa mwaka 2007, dola 1,950 pamoja na gharama, na sasa walikuwa wanadai karibu dola 4,700.

Nilimuuliza swali ambalo karani yeyote angeuliza kwanza. "Samansi uliipokea?"

"Samansi gani?"

Basi hapo nikajua safari yangu imepata kazi.

Akaunti yake ilikuwa na dola elfu sita na ushei: kodi ya nyumba, na akiba aliyokuwa akiitenga kidogo kidogo kwa ajili ya paa la nyumba ya marehemu mama kule Chumbageni. Sheria ya jimbo la New York huilazimisha benki imwachie mdaiwa kiasi kinacholingana na mshahara wa chini wa saa 240. Mwaka ule wa 2024 mshahara huo jijini ulikuwa dola 16 kwa saa, kwa hiyo dola 3,840 hazikuguswa. Zilizozidi zilishikwa zote. Kilichonistaajabisha mimi mtu wa masjala ni kwamba hapakuwa na hakimu aliyesaini zuio lile. Wakili wa mdai akiwa na hukumu mkononi, sheria ya kule inamruhusu kuiandikia benki moja kwa moja, na benki inatii.

Hukumu yenyewe huishi miaka 20. Na muda wote huo inazaa: riba ya hukumu ilikuwa asilimia 9 kwa mwaka, hadi sheria ilipobadilishwa na madeni ya walaji wa kawaida yakashushwa hadi asilimia 2 kuanzia mwishoni mwa Aprili 2022. Nikachukua kalamu. Miaka 15 kwa asilimia 9 inaongeza zaidi ya dola 2,600 juu ya zile 1,950. Hesabu yao ilikuwa sahihi hadi senti, na hilo ndilo lililomvunja moyo dada. Aliona kwamba watu wanaojua hesabu namna hii hawawezi kuwa wamekosea jambo lingine.

Usiku ule alinieleza. Kadi ya mkopo aliichukua mwaka 2002, kijana wa benki akiwa amesimama na meza yake mlangoni pa duka kubwa, akigawa fomu. Aliitumia kwa viatu vya baridi vya mtoto, kwa dawa, kwa umeme, na kwa chakula miezi ambayo wakala wake hakumpangia mgonjwa. Alilipa alipoweza. Mwaka 2005 alihama Brooklyn, akaenda Bronx kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na huko malipo yakamshinda kabisa. Simu zikapigwa, kisha zikanyamaza. Akadhani yameisha, ingawa moyoni hakuamini kama deni huisha kwa kunyamaziwa.

"Nimekula fedha ya watu," akaniambia. "Hilo silikatai."

Ninataka msomaji alielewe neno lake hilo, maana bila hilo habari nzima inakuwa ya ujanja wa kisheria. Kwetu pwani, maiti haijatoka nyumbani, hutangazwa: anayemdai marehemu ajitokeze, wenyewe tupo. Dada amewazika wazazi wetu wote wawili kwa simu, akisikia tangazo hilo kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa mtu wa namna hii, kusema kwamba hukumu ina kasoro kulifanana na kumkana mwenye haki yake. Ilinibidi nimweleze jambo nililoliamini miaka yote ya utumishi wangu na ninaloliamini hadi leo: deni ni jambo moja na hukumu ni jambo jingine. Deni liko kati yako na aliyekukopesha. Hukumu ni nguvu ya dola inayoingia mfukoni mwako, na haiwezi kuingia kwa haki kama hukuitwa ukasikilizwa. Hata mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi huitwa jina lake mahakamani akaulizwa ana la kusema.

Asubuhi tulipanda treni namba 2 ya chini ya ardhi hadi kituo cha Borough Hall. Ilikuwa Oktoba, na baridi ile niliyosimuliwa kwa miaka mingi ikanikuta na koti la kuazima. Tulipita maduka ya watu wa visiwa vya Karibi yenye mihogo, magimbi na ndizi za kupika zimepangwa nje, nikahisi kama niko sokoni Ngamiani, ila hakuna aliyenisalimia. Mahakama ya Madai ya Jiji la New York, tawi la Brooklyn, iko Mtaa wa Livingston namba 141, jengo refu la ofisi ambalo ungelipita bila kulitambua. Hapa husikilizwa madai yasiyozidi dola 50,000. Mlangoni unavua mkanda, unapitisha mkoba kwenye mashine, unapanda lifti pamoja na watu ambao kila mmoja ameshika bahasha.

Niliipenda masjala yao mara moja. Foleni zilikuwa ndefu, makarani wamechoka, lakini kila aliyefika dirishani alijibiwa. Ukutani pana matangazo kwa lugha nyingi yakisema kwamba mkalimani ni bure. Kwenye benchi tulikaa na mzee mmoja kutoka Uvira, Kongo, aliyetusikia tukizungumza akasogea. "Ndugu yangu, banasema niko na deni ya kadi," akatuambia, "lakini mimi barua yao nilikuwa nasukuma mu kabati, nilikuwa naogopa." Dada akamshika mkono. Tukamwonyesha pa kuomba mkalimani wa Kiswahili, na alipokuja kuitwa, akaenda akiwa ameinua kichwa kidogo.

Jalada la dada lilikuwa la zamani, limehifadhiwa ghalani, na ilibidi liagizwe. Lilipoletwa lilikuwa na karatasi chache kuliko jalada la mgogoro wa mbuzi: hati ya madai ya ukurasa mmoja, kiapo cha mfanyakazi wa kampuni akisema deni lipo, ombi la hukumu, na kiapo cha mpeleka samansi. Hapakuwa na mkataba wa kadi, taarifa hata moja ya mwezi, wala karatasi inayoonyesha deni lilitokaje benki hadi kufika kwa kampuni hii.

Nilikisoma kiapo cha mpeleka samansi kwa makini yote niliyofundishwa. Sheria ya New York inatoa njia tatu kuu. Ya kwanza ni kumkabidhi mdaiwa mwenyewe. Ya pili ni kumkabidhi mtu mzima mwenye akili timamu nyumbani au kazini kwake, kisha kutuma nakala kwa posta. Ya tatu, baada ya kujitahidi na kushindwa hizo mbili, ni kubandika mlangoni na kutuma kwa posta. Mpeleka samansi huyu aliapa kwamba alitumia ya pili. Alifika kwenye nyumba East New York, Brooklyn, mwaka 2007, akamkabidhi "mpangaji mwenza" aliyekataa kutaja jina. Chini yake kuna visanduku vya kuweka alama: mwanamume, ngozi nyeusi, nywele nyeusi, umri kati ya miaka 36 na 50, urefu futi tano na inchi tisa hadi futi sita, uzito pauni 161 hadi 200. Bwana huyo asiye na jina aliulizwa pia kama dada ni askari jeshi, akajibu hapana.

Dada alikisoma, akakirudia. Mumewe alikuwa ameshatengana naye na kurudi Tanzania. Mwaka 2007 yeye na binti yake walikuwa wanaishi Bronx, mwaka wa pili sasa, na katika nyumba ile ya East New York hawakuacha hata kijiko. Kwa muda alikaa kimya akimfikiria mwanamume yule aliyepokea karatasi zake, akajibu kwa niaba yake, na kumfanya ashindwe kesi. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Wala hakuwa peke yake katika kuuliza. Miaka ile biashara ya kupeleka samansi za madeni jijini New York ilikuwa imeoza, na wenyewe wana jina la mchezo huo: samansi za mtaroni, yaani zinazotupwa kwenye mtaro wa maji machafu kisha mtu akaapa kwamba zimefika. Wapeleka samansi walilipwa fedha kiduchu kwa kila moja, kwa hiyo aliyetembea kweli alipata hasara, na aliyejaza viapo mezani alipata riziki. Mwaka 2009 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo, alifungua shauri dhidi ya makampuni 35 ya mawakili akitaka hukumu zipatazo 100,000 zichunguzwe na kutenguliwa, zote zikiwa zimetokana na kampuni moja tu ya kupeleka samansi. Mwaka huohuo ilifunguliwa kesi nyingine, inayojulikana kwa jina la Sykes, ya wadaiwa wa jiji waliokuwa katika hali ya dada. Ilichukua miaka mingi, ikaisha kwa malipo ya dola milioni 59, na hukumu karibu 200,000 zikapoteza nguvu. Jiji nalo likatunga sheria ya kuwataka wapeleka samansi waweke kumbukumbu za kielektroniki zinazoonyesha mahali waliposimama na saa.

Ninavyoona mimi, dhambi kubwa ilikuwa kwamba mahakama ilivikubali viapo vile vyote. Majalada yalipita kwa maelfu, wadaiwa hawakutokea, na hakuna aliyeuliza kwa nini watu wengi hivyo hawaji kujitetea. Kwetu nako kubandika mlangoni kupo, na kusema uongo kupo. Lakini katika masjala yangu, kiapo kisichokuwa na saini ya mwenyekiti wa mtaa nilikirudisha, na mawakili walinichukia kwa hilo. Sijuti.

Jengo lilelile lina ofisi ya kuwasaidia wasio na wakili, na jijini kuna kliniki za CLARO, ambako mawakili wa kujitolea huwashauri bure watu wenye kesi za madeni. Wakili kijana aliyekaa na dada alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Akamweleza njia. Mtu aliyepata samansi lakini akashindwa kufika kwa sababu ya msingi ana mwaka mmoja tu tangu aletewe nakala ya hukumu. Ambaye samansi haikumfikia kabisa hana ukomo, kwa kuwa mahakama haikuwahi kuwa na mamlaka juu yake. Anajaza maombi kwa kiapo, hakimu anayapitia, na akiridhika anasaini amri ya kumwita mdai aje aeleze kwa nini hukumu isitenguliwe. Amri hiyo inaweza pia kusimamisha ukazaji wa hukumu mpaka siku ya kusikilizwa.

Kiapo cha dada tulikiandika hapohapo. Nilifurahi kuona fomu inamtaka aseme mambo mawili: kwa nini hakuja, na ana utetezi gani. Katika la pili alisita. Hakutaka kuandika kwamba hadaiwi. Wakili akamwambia aandike kweli yake, naye akaandika kwamba aliwahi kuwa na kadi ya benki fulani, kwamba kampuni hii haijui, na kwamba hajaonyeshwa jinsi dola 1,950 zilivyopatikana. Akaambatanisha mkataba wake wa nyumba ya Bronx na barua ya shule ya binti yake ya mwaka 2006. Dada hatupi karatasi, na Mungu ambariki kwa tabia hiyo. Hatukudaiwa ada. Hakimu akasaini, ukazaji ukasimamishwa, na nakala tukaipeleka posta kwa rejista kwenda kwa mawakili wa kampuni, tukahifadhi stakabadhi.

Jijini kuna maofisa waitwao maashali, ambao kwa kazi yao ni sawasawa na madalali wetu wa mahakama: wanateuliwa na meya, hawana mshahara, wanakula asilimia 5 ya wanachokusanya. Mmoja alikuwa ameshaanza kuandikia benki aletewe zile fedha. Amri ile ikamfikia kabla hazijatoka. Zingepita siku kadhaa zaidi, tungekuwa tunaomba kurudishiwa, jambo ambalo ni gumu mara nyingi zaidi kuliko kuzuia.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa nje ulikuwa umejaa. Mawakili wa makampuni wanatembea na mafungu ya majalada, wanaita majina, na anayeitika wanamvuta pembeni. Wengi walikuwa wanawake wa makamo, weusi na wa Amerika ya Kusini, wamevaa sare za kazi. Nilimwona mama mmoja akisaini makubaliano akiwa ameyaweka kwenye goti, bila kuyasoma, akimshukuru wakili wa upande wa pili kana kwamba ni wakili wake. Iliniuma, na sikuwa na la kufanya.

Jina la dada likaitwa. Bwana mwenye sauti ya upole akasema, "Mama, lipa dola 2,500 leo, tumalize, usipoteze siku ya kazi." Nikamtazama dada usoni, nikaona anavyohesabu. Nusu ya deni, na moyo utulie. Wakili wa kujitolea, ambaye safari hii alikuwa ameruhusiwa kumsimamia kwa siku hiyo, akamuuliza yule bwana kwa utulivu kama mpeleka samansi wake atakuja kutoa ushahidi. Maana hakimu akitaka, anaweza kupanga kikao cha kuchunguza jambo hilo moja tu, kama samansi ilifika, na mwenye kuthibitisha ni mdai. Akamuuliza pia kama ana mkataba wa kadi na hati za mauziano ya deni. Bwana akafunua jalada, akalifunga, akaomba aende kupiga simu.

Hapo wakili akatueleza biashara yenyewe. Benki ikikata tamaa na deni, huliuza. Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilichunguza mwaka 2013 ikakuta wanunuzi wakubwa hulipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Mara nyingi wanachonunua ni orodha ya majina na kiasi, karatasi hazimo. Na hukumu hii ikitenguliwa, hawawezi kuanza upya: tangu tarehe 7 Aprili 2022 muda wa kushtaki deni la namna hii New York ni miaka mitatu tu, umepungua kutoka sita.

Bwana aliporudi, hakutaja tena dola 2,500. Waliandika makubaliano ya ukurasa mmoja: hukumu inatenguliwa, fedha zinaachiwa, shauri linaondolewa na halitafunguliwa tena. Hakimu, mwanamke mwenye miwani, akamuuliza dada kama ameyasoma na kuyaelewa. Dada akasema ndiyo, kisha akaomba kusema neno. Akasema, "Mheshimiwa, mimi nilitaka tu kuitwa." Hakimu akaweka kalamu chini, akamwambia anasikitika kwamba hilo halikufanyika, halafu akasaini.

Tukachukua nakala zenye muhuri. Moja kwa benki, moja kwa maashali, moja kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, moja ya kuweka nyumbani. Fedha zilirudi kwenye akaunti wiki iliyofuata, na dada akatuma za paa.

Lakini hakuridhika. Wakili alimweleza kwamba kisheria mambo yameisha, naye akajibu kwamba kisheria ameelewa. Akaniketisha tuandike barua kwa benki ileile iliyompa kadi mwaka 2002, akiwaomba wamwambie kama wanamdai chochote, ili awalipe wao waliomkopesha. Nilimwandikia. Majibu yalifika nikiwa nimesharudi Tanga, akanisomea kwa simu: akaunti ilifungwa, deni liliuzwa zamani, benki haina dai lolote kwake.

"Sasa nikifa," akaniuliza, "ajitokeze nani?"

Nikamwambia barua hiyo aiweke pamoja na nakala yenye muhuri, na amwonyeshe mwanawe zilipo, kwa sababu orodha zile huuzwa tena, na siku moja kampuni nyingine inaweza kupiga simu.